Natoa ushahidi mwezi ujao kesi ya ajali, mahakamani Dodoma. Nijiandae vipi?

fundi_wa_nkuhungu

Mbukwenyi wakuu, nawasalimu kutoka Nkuhungu. Mwezi ujao kesi yangu ya madai inaanza kusikilizwa na mimi ndiye shahidi wa kwanza. Wakili wangu ni kijana mchapakazi, ila ana majalada mengi, kaniambia tutakaa siku mbili kabla ya tarehe. Hizo siku mbili naona ni chache. Waliopita njia hii naomba mnisaidie nianze kujipanga sasa.

Mkasa wenyewe uko hivi. Nilikuwa abiria wa bodaboda, natoka saiti jioni, barabara ya Singida pale Kizota. Pikapu ilikuwa imesimama pembeni, ikaingia barabarani bila indiketa ikitaka kugeuza, bodaboda akaivaa ubavuni. Mimi nilivunjika mfupa wa paja la kulia, nikawekewa chuma ambacho kipo mpaka leo. Dereva wa pikapu alipelekwa mahakamani na trafiki, akakiri kosa, akalipa faini. Lakini dereva hana kitu. Mwenye gari ndiye tunayemdai pamoja naye, na yeye anasema bodaboda alikuwa mwendo kasi na mimi sikuvaa helmeti. Helmeti nilivaa, na ilipasuka upande wa sikio.

Usuluhishi ulishindikana. Bima yake walikuja na kiasi ambacho hakifiki hata nilichotumia hospitali.

Mimi ni fundi mwashi. Kupanda jukwaa siwezi tena. Kupanga kozi za chini, pale pa kuchuchumaa, naweza kidogo tu halafu paja linakaza mpaka nishikwe mkono kuinuka. Kwa sasa nasimamia vijana na kufanya plasta za urefu wa kifua, na malipo yake si yale ya zamani.

Nachoomba kujua: nibebe nini mkononi, wakili wa upande wa pili huwa anauliza mambo gani, na je, nitasimama muda wote natoa ushahidi? Mguu huu kusimama saa nzima haukubali. Mke wangu naye ni shahidi, ndiye aliyeniuguza. Na bodaboda mwenyewe amehamia Manyoni, simu anapokea ila naona kama ana woga.

kijana_wa_bahi

Pole sana kaka. Mimi sina kesi ila nakushauri nenda ukakae chumba cha mahakama usikilize kesi ya mtu mwingine kabla ya tarehe yako. Mahakama iko wazi kwa watu wote, unaingia, unakaa nyuma kimya, simu umezima. Ukiona wengine wanavyoulizwa, woga unapungua nusu.

mama_cherehani_kibaigwa

Kaka yangu fundi, pole kwanza kwa maumivu, maana chuma cha paja najua baridi ya Juni na Julai inavyokisumbua. Mimi nilipita hapohapo. Niligongwa na lori la mahindi Kibaigwa nikivuka barabara kuu, mguu wa kushoto chini ya goti. Kesi ilisikilizwa, nikashinda, fidia nikapata, ingawa si yote niliyoomba. Nitakueleza nilichokiona.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili. Usiende mahakamani kusema umeumia. Umeumia, hilo vyeti vya hospitali vitasema. Wewe nenda kaseme mguu huo ulikuwa unafanya kazi gani na sasa haufanyi. Kwa majina, kwa kazi, moja moja.

Mimi ni fundi cherehani. Wakili wa upande wa pili aliniuliza swali ambalo ukilisikia unaliona jepesi: "Mama, kazi yako si unaifanya umekaa? Mguu unahusikaje?" Pale mahakamani watu wengine walitikisa vichwa kama vile ana hoja. Nikamwambia Mheshimiwa Hakimu kwamba cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu miwili. Kisigino kinashuka, vidole vinashuka, kwa zamu, na ndiyo inayozungusha gurudumu. Ukikanyaga kwa mguu mmoja gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika chini ya sindano, na kitambaa kinajikunja. Sare moja ya shule ya mtoto niliyokuwa namaliza kabla ya adhuhuri sasa inanichukua mpaka jioni. Akaniuliza, "Si unaweza kufunga mota?" Nikamjibu kwamba ninaweza, nikipata fedha ya mota na umeme, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyonileta hapa. Hakimu aliandika yote. Kwenye hukumu maelezo ya lile gurudumu yalikuwemo, nikayasoma kwa macho yangu.

Sasa wewe una kazi nzuri zaidi ya kuieleza. Kaa na karatasi leo jioni, andika siku yako ya kazi ilivyokuwa kabla ya ajali, tangu kuchanganya zege mpaka kupanda jukwaa la tatu na ndoo ya udongo. Halafu andika ya sasa. Usipambe. Kama plasta ya kifua unaiweza, sema unaiweza, maana wao watakuwa wameshapita saiti wakakuona. Kwangu walileta picha yangu nimebeba dumu la maji. Nilikuwa nimeshasema mwenyewe kwenye ushahidi wangu kwamba dumu dogo nabeba, la lita 20 sibebi, kwa hiyo picha yao haikufika popote.

Kuhusu kusimama: omba kukaa. Ukishaapa, mwambie, "Mheshimiwa, naomba ruhusa nikae, mguu hauniruhusu kusimama muda mrefu." Mimi nililetewa kiti na hakuna aliyeninung'unikia. Tena nilipohitaji kunyoosha mguu niliomba, nikaruhusiwa. Lakini jua kwamba mateso makubwa yako kwenye benchi la nje, si mle ndani. Unaambiwa saa tatu, hakimu ana majalada mengine mbele yako, unaweza kuitwa saa sita. Nenda na mto mdogo wa kukalia. Kunywa chai nzito asubuhi. Dawa za maumivu muulize daktari wako kabla, zipo zinazoleta usingizi na hutaki kusinzia mbele ya mtu anayekuhoji.

Hakimu wangu alikuwa anaandika ushahidi kwa mkono. Mtazame kalamu. Unasema sentensi moja, unaacha aandike, unasema nyingine. Mimi mwanzoni ndugu yangu mmoja alinitahadharisha hilo na lilinisaidia sana, kwa sababu ukiongea mbio kinachopotea ni chako, na baadaye hata ukikata rufaa watasoma kilichoandikwa.

Maswali ya dodoso, yaani yale ya wakili wa mdaiwa, mengi ni ya kutaka useme usichokijua. "Lori lilikuwa spidi ngapi?" Mimi sikuwa na kipimo. Nilijibu, "Spidi sijui, nilichoona ni kwamba lilikuwa halijapunguza mwendo nilipokuwa katikati ya zebra." Atakuuliza mwendo wa bodaboda. Kama hukuangalia mshale, sema hukuangalia, halafu sema ulichokiona: mlipishana na magari mengine au mliyafuata? Upepo ulikuwa unakupiga kiasi gani? Jibu lililoulizwa, kisha nyamaza. Akikaa kimya anakutazama, usijaze ule ukimya. Na ukishikwa na kilio usione aibu, omba maji, ukitulia endelea.

Nililoumia nalo ni nauli. Bajaji za kwenda na kurudi kliniki miezi yote ile hazitoi risiti, na hakimu alikataa fungu lote la nauli. Dawa zenye risiti zilipita zote. Kwa hiyo panga risiti zako kwa tarehe, zibandike kwenye karatasi nyeupe, zile za mashine hufifia, zitoe kopi mapema kabla maandishi hayajapotea. Na helmeti iliyopasuka unayo? Niambie unayo.

karani_mstaafu

Mama wa Kibaigwa amesema vizuri. Naongeza machache kutoka upande wa kaunta.

Mkeo akiwa shahidi, atakaa nje wakati wewe unatoa ushahidi. Mwambie mapema asije akakasirika akitolewa. Hata wakati wa mapumziko msizungumze ulichoulizwa. Wewe kama mdai unaruhusiwa kubaki ndani wakati wao wanatoa ushahidi.

Wito wa shahidi unaombwa mahakamani kwa wakati, si kesho yake ndiyo kesi. Bodaboda wa Manyoni apelekewe wito, na nauli yake ni juu yako wewe uliyemwita. Vivyo hivyo daktari. Karatasi ya wito inamsaidia daktari kuombewa ruhusa kazini kwake.

Siku hiyo ripoti kwa karani ukifika, hakikisha namba ya shauri lako iko kwenye orodha iliyobandikwa na ujue ni chumba kipi. Dodoma sasa tuna Kituo Jumuishi tangu 2021, ndani yake kuna ngazi zaidi ya moja ya mahakama, watu hukaa chumba kisicho chao na wanaitwa upande mwingine. Mdai asipoonekana na mdaiwa yupo, shauri linaweza kufutwa, na kulirudisha inabidi uombe na utoe sababu ya msingi. Ukikwama njiani mpigie wakili wako palepale.

wakili_area_d

Ndugu fundi, pole. Sitaingilia kazi ya wakili wako, ila haya ni ya kumkumbusha mkikutana, na ningekushauri umwombe mkutane hata wiki mbili kabla, kwa sababu mambo mengine hayafanyiki ndani ya siku mbili.

La kwanza ni ile kesi ya trafiki. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, mtu akitiwa hatiani kwenye kesi ya jinai na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa lile. Dereva alikiri. Mnahitaji nakala iliyothibitishwa ya mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) na hukumu kutoka mahakama iliyosikiliza kesi hiyo. Faini peke yake ukiitaja kwa mdomo haitoshi. Ukiwa na nakala, ubishi wa nani alikosea upande wa pikapu unakuwa mwembamba sana. Watabaki na hoja kwamba bodaboda naye alichangia, au kwamba wewe ulizidisha majeraha kwa kutovaa helmeti, kwa hiyo swali la Mama kuhusu helmeti ni la msingi.

La pili, mwenye gari. Ili awajibike kwa kosa la dereva wake lazima mwonyeshe kwamba gari ni lake na dereva alikuwa kwenye shughuli zake. Umiliki unathibitishwa na kumbukumbu za usajili za TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Kuhusu shughuli, ile pikapu ilikuwa imebeba nini siku hiyo? Kama ulikuwa na fahamu na uliona mzigo au maandishi ubavuni, ni wewe wa kulisema. Na hakikisheni kampuni ya bima ilijulishwa rasmi kwamba kesi imefunguliwa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inaibana bima kulipa hukumu dhidi ya mteja wake kwa madhara ya mtu wa tatu, ila taarifa hiyo ni sharti lake mojawapo.

La tatu, fedha. Nauli za Mama zilikataliwa kwa sababu hasara unayoweza kuitaja kwa shilingi, yaani fidia mahususi, lazima iandikwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo kwenye shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992, na mahakama zetu hulinukuu kila mara. Fidia ya jumla, ya maumivu, ulemavu na maisha kubadilika, hakimu huipima mwenyewe kutokana na ushahidi. Ndiyo maana yale maelezo ya gurudumu la cherehani yalikuwa na uzito. Hapo ndipo ushahidi wako wa mdomo, na wa mkeo, unapofanya kazi kubwa kuliko karatasi.

Nyaraka ziwe halisi. PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda hospitali), kadi ya kliniki, ripoti ya daktari, picha za eksirei, risiti. Kikipokelewa kuwa kielelezo kinabaki kwenye jalada, kwa hiyo kila kitu toa kopi kwanza, hasa eksirei na ripoti ambazo daktari atazihitaji siku ya kliniki. Ripoti ya kitaalamu ni vizuri itolewe na daktari aliyeiandika, maana akihojiwa ulemavu wako wa kudumu ni asilimia ngapi na chuma kitatolewa lini, wewe huna jibu. Na chochote ambacho hakikuambatishwa wala kuorodheshwa tangu mwanzo kitapingwa, kikaingia tu kwa ruhusa ya mahakama. Kama kipo, mwambie wakili wako leo.

Lugha ni Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo ukisikia neno la kisheria usilolielewa, sema hujaelewa, urudiwe.

fundi_wa_nkuhungu

Nawashukuru sana, sana. Mama Cherehani, shikamoo. Helmeti ninayo, iko juu ya kabati, mke wangu alikataa isitupwe. Pikapu ilikuwa imebeba mifuko ya saruji, hilo naliona mpaka leo, mfuko mmoja ulipasuka ukanimwagikia miguuni. Sikujua kama ni jambo la kusema.

Nina mawili yaliyobaki. Kipato changu nitakithibitishaje? Mimi sina hati ya mshahara, nalipwa sh 25,000 kwa siku au kwa mkataba wa nyumba. Na la pili, jana mtu wa bima kanipigia anataka tuonane "tumalizane" palepale koridoni asubuhi ya kesi, bila kumsumbua wakili. Anasema nikija na kitambulisho nitaondoka na hundi.

mama_cherehani_kibaigwa

Marahaba mwanangu. Hiyo saruji lazima useme! Helmeti ifunge kwenye mfuko safi, usiioshe, usiigundishe, mpe wakili wako akwambie itaingiaje.

Kipato mimi nilileta daftari langu la oda, lile la jina la mteja, vipimo na kiasi alichotanguliza, nikamleta na mwalimu wa shule niliyokuwa nashonea sare. Wewe una watu uliowajengea. Mmoja mwenye nyumba aliyekulipa, aje aseme alikulipa kiasi gani na kwa kazi ipi. Karatasi za makubaliano ya ujenzi, hata ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa daftari na sahihi mbili, itafute. Na malipo ya simu, nenda ukatoe taarifa ya miamala ya miezi ya kabla ya ajali.

Huyo wa koridoni mimi namwogopea. Kwangu alikuja mwenzake na karatasi imekunjwa katikati, akanionyesha tu mahali pa kusaini.

wakili_area_d

Usisaini kitu chochote koridoni. Karatasi hiyo kwa kawaida inasema umepokea kiasi fulani na huna dai lingine lolote dhidi ya dereva, mwenye gari wala bima, leo na baadaye. Ukishasaini, gharama ya kutoa chuma mwakani ni ya mfukoni mwako.

Kuelewana kwenyewe hakukatazwi, hata kesi ikiwa imeanza kusikilizwa. Lakini njia ni hii: ofa iletwe kwa maandishi kwa wakili wako, mkaipime na daktari kuhusu matibabu yaliyobaki, mkikubaliana yaandikwe, yasomwe mbele ya hakimu na yasajiliwe kuwa hukumu. Hapo wasipolipa unakazia hukumu, yaani unaomba mahakama iwalazimishe kulipa, kama hukumu nyingine yoyote. Mtu anayetaka kukulipa kwa haki hana sababu ya kumkwepa wakili wako. Mjulishe wakili kuhusu simu ya jana, mpe namba na saa aliyopiga.

Kipato, Mama kamaliza. Niongeze tu kwamba usiseme sh 25,000 mara siku zote za mwaka. Mvua za Januari na Februari hapa kwetu saiti nyingi husimama, na wakili wao anaishi Dodoma hiihii, anajua. Taja siku unazofanya kazi kwa kawaida katika mwezi, taja miezi ya kukosa, halafu hesabu itoke hapo.

fundi_wa_nkuhungu

Nimemtumia wakili ujumbe, kajibu, tunaonana Jumatatu badala ya kungoja. Kesho naenda mahakama ile ya trafiki kuomba nakala ya hukumu, na mwenye nyumba mmoja wa Ipagala niliyemjengea kakubali kuja kunisemea. Bodaboda nimempigia nikamweleza kwamba ataitwa kwa wito na nauli ipo. Ameuliza kama na yeye atashtakiwa.

wakili_area_d

Mwambie kesi hii ni ya madai, na anakuja kueleza alichoona, hakuna anayemkamata kwa kuja kutoa ushahidi. Ila usimpangie maneno ya kusema. Akiulizwa mwendo wake, ajibu mwenyewe anavyokumbuka. Na Jumatatu mwambie wakili wako akuulize maswali ya dodoso kwa ukali, kama vile ni wakili wa upande wa pili, angalau nusu saa, ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu.